Chungu Kimoja na Wifi

"Hivi nyinyi mawifi, mnawezaje kula chungu kimoja bila kutoana macho?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yetu fundi cherehani, mwaka wa pili baada ya mume wangu kufariki. Alikuwa amesimama mlangoni kwetu na utepe wake wa kupimia shingoni. Aliuliza huku akicheka, lakini jibu alilitaka, maana yeye na wifi yake walikuwa hawasalimiani tangu siku ya harusi. Nikamwambia mkaa ni ghali na sisi tuko wawili tu. Wifi akadakia kutoka uani, "Mwambie ukweli. Mwambie wewe unajua kuomba dua na mimi najua kuweka chumvi."

Nyumba tuliyokaa aliiacha marehemu. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, wifi chumba cha nyuma chenye mlango wake wa kutokea uani. Ni dada yake mume wangu, na kanizidi miaka mitano. Miaka thelathini na moja alifua mashuka ya hospitali, kibarua wa siku kwa siku, mpaka zilipoletwa mashine akaambiwa asante na kwa heri. Alichotoka nacho ni kucha zilizoliwa na dawa za kufulia. Aliolewa mara moja, kwa miezi minne, na ukimuuliza habari za huyo mume anakwambia alikuwa kama homa, alikuja akaondoka. Mtoto hakujaliwa. Mimi ninaye binti mmoja, ameolewa mbali, na ana watoto watano wa kulisha. Sikumlaumu kwa kutopiga simu.

Mimi nilifagia ofisi ya mawakili wawili, alfajiri kabla hawajaingia. Wifi alibaki nyumbani akichagua maharage na kuwasha jiko. Nikirudi nasali, kisha namalizia kupika. Tulikula mara moja kwa siku, baada ya alasiri, kwenye sinia moja, kila mtu upande wake. Chakula kikiwa kidogo niliuona mkono wake unapunguza mwendo. Wangu nao unapunguza. Mwisho linabaki tonge katikati ya sinia, kila mmoja anamsukumia mwenziwe, na hapo ndipo tunapogombana.

"Kula wewe, unayeamka usiku kuswali."

"Kula wewe mkubwa."

"Ukubwa wangu umeanza leo?"

Mara nyingi lile tonge liliishia kwa kuku wa jirani, na sote wawili tulilala na njaa na heshima zetu.

Sasa, kulikuwa na mgao wa chakula cha wazee. Mchele, maharage na mafuta, kila mwezi, kutoka ofisi ya ustawi. Lakini ulikuwa wa waliotimiza miaka sabini na tano, na wifi alikuwa na sitini na saba. Alizoea kusema anawaonea wivu wazee wenzake waliomtangulia kuzeeka. Halafu siku moja, natoka kazini, nikakuta watu wamejazana mbele ya zahanati wakisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nikasoma na mimi. Nilifika darasa la saba tu, lakini kusoma najua. Karatasi ilisema mgao umepanuliwa. Kuanzia sasa ni miaka sitini na tano, kwa mzee mwenye hali duni asiyemtegemea mtu mwingine kwa chakula.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama nina miaka ishirini. Nikamsomea wifi kwa kichwa, neno kwa neno. Akajipangusa mikono kwenye nguo.

"Kwa hiyo nimekuwa mzee rasmi," akasema. "Mama Msala, leo nisalimie vizuri."

Mama Msala ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya kuswali kwangu. Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ya mfalme. Tulicheka mpaka fundi cherehani akachungulia.

Akaenda kujiandikisha, akarudi na namba. Alikuwa wa kumi na tisa. Aliambiwa karani atakuja nyumbani kuhakiki, na hapo ndipo nilipomwona wifi anaanza kufikiri. Siku ya tatu akaja na sufuria mpya, ndogo, na jiko la bati la kuokota. Akalitia jiko chumbani kwake. Akachukua masizi ya jiko letu kwa kiganja, akayapaka chini ya sufuria kwa uangalifu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Unafanya nini, wifi?"

"Nazeesha sufuria. Kesho karani akiuliza, mimi napika mwenyewe na nakula kwangu."

"Lakini huli kwako."

"Kesho nakula kwangu. Na wewe hujui ninakula nini, maana si mmbea."

"Wakiniapisha?"

"Apa. Kwani hakuna kafara? Lisha maskini kumi, au funga siku tatu. Maskini kumi hatuna cha kuwapa, lakini kufunga sisi mabingwa. Tunafunga mpaka siku ambazo Mungu mwenyewe hajaagiza."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. Yeye akakichukua kicheko changu kuwa ni ndiyo, akaendelea na masizi yake. Ilinipasa nimwambie palepale kwamba sitaweza. Sikumwambia.

Karani alikuja kesho yake saa nne. Alikuwa binti mdogo, viatu vimejaa vumbi la mitaa, ameshika ubao wenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alituamkia vizuri. Wifi akampa kigoda, akakaa kitandani, miguu pamoja, kama bibi harusi.

"Bibi, unaishi na nani humu?"

"Na panya."

Karani akatabasamu, akaandika. "Na nani anakulisha?"

"Mungu."

"Baada ya Mungu?"

"Baada ya Mungu hakuna."

Binti akaangalia jiko, akainua mfuniko wa sufuria. Kwa nje ilikuwa nyeusi kama ya msiba. Kwa ndani iling'aa, na karatasi ya dukani ilikuwa bado imegandishwa katikati. Akaiangalia ile karatasi kwa muda. Kisha akarudisha mfuniko taratibu, akaandika. Mpaka leo namwombea yule binti.

Halafu akanigeukia mimi. Akaeleza kwamba mtu wa karibu lazima ashuhudie, ndiyo taratibu. Akanisomea: mimi shahidi ninaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mzee huyu hategemei mtu mwingine kwa chakula. Akatoa kibweta cha wino.

"Ni kuweka dole tu hapa, mama."

Nilimtazama wifi. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Nataka niseme hili kama lilivyokuwa. Nilikuwa na miaka sitini na miwili na nilikuwa sijawahi kuapa uongo. Si kwamba ni mwema sana. Sikuwahi kuhitaji. Niliiona ile karatasi na jina la Mungu limeandikwa kwa mashine, na chini yake nafasi ya dole langu, na mkono haukwenda. Tena kulikuwa na jambo lingine, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilidhani ukweli ungetusaidia. Nilidhani karani akijua ninachomlisha wifi ni kidogo kiasi gani, ataandika, na huko ofisini watasoma, watatuhurumia.

"Anakula kwangu," nikasema. "Lakini ninachompa hakitoshi. Hakitutoshi sote wawili. Andika hivyo, mwanangu."

Karani akashusha kalamu. "Mama, hapa hamna sehemu ya hakitoshi. Kuna anategemea na hategemei."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni hawasomi."

Kisha akasema polepole, akinitazama usoni, "Mama, labda hukunisikia vizuri. Nikuulize tena?"

Hata mtoto mdogo angeelewa alichokuwa ananipa.

"Niulize," nikasema.

Akauliza. Nikamjibu vilevile.

Akatia alama, akatushukuru, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Wifi hakunigombeza. Alitoa ile karatasi ya dukani ndani ya sufuria, akaikunja, akaisukuma chini ya godoro. Jioni ile tulikula sinia moja, na tonge lililobaki katikati alilila yeye. Hakunisukumia.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: mwombaji anamtegemea mtu mwingine kwa chakula, kwa hiyo hastahili. Anaweza kurudi baada ya miezi mitatu kama hali yake imebadilika. Nilimsomea. Akaniambia nirudie mwisho. Nikarudia.

"Basi itabadilika," akasema.

Akaingia jikoni, akachukua sahani yake, kijiko chake na kikombe chake cha bati kwenye rafu yangu, akavipeleka chumbani kwake.

"Wifi, usifanye hivyo."

"Wewe hutaki kusema uongo. Sawa, sikulazimishi. Mimi nitaufanya uwe kweli, halafu utausema."

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Wifi yangu hakuwa mtu wa siku mbili.

Akawa anamsaidia fundi cherehani kufumua mishono na kubandika vifungo, anapewa kikombe cha unga. Kile kikombe kilikuwa uji wa siku mbili, wakati mwingine tatu. Mkaa aliokota uliomwagika penye magunia ya wauzaji. Nilipomaliza kupika, nilipakua sehemu yake nikaifunika, nikaipeleka mlangoni kwake.

"Rudisha."

"Hakuna anayeona, wifi."

"Wewe unaona. Na wewe ndiye wanayekuuliza. Unataka kuniharibia faili?"

Nikawa naiacha kwenye kizingiti. Naikuta palepale, mfuniko haujaguswa, sisimizi wamejipanga. Baada ya wiki tatu niliacha kuipeleka, kwa sababu kila nilipoirudisha nilishindwa kuila, na chakula kikamwagwa katika nyumba yenye njaa. Hiyo nayo ni dhambi, sijui kubwa kuliko ipi.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa madrasa ya wanawake, nikamweleza. Mama mwenye elimu, mpole. Akanishika mkono, akasema nimefanya haki, na anayesimama na haki Mungu hamtupi. Nikamwuliza kama haki yangu inaweza kuliwa na mtu mwenye njaa. Akasema nisubiri, subira huvuta heri. Nikamshukuru. Njiani nilikutana na mzee mwashi wa mtaa wa pili, amejitwika mchele wa mgao, mafuta mkononi. Ana vijana wanne na duka lao lina friji. Wote wanne walimtilia dole. Aliniita kwa furaha, "Shemeji, wewe na wifi yako bado hamjachukua?" Nikasema bado.

Wifi alipungua. Alikuwa mwanamke wa mabega, mabega ya kukamua mashuka. Sasa nguo yake ilizunguka mara mbili na ncha ikabaki. Alianza kukaa wakati wa kufanya vitu ambavyo mtu hufanya akiwa amesimama: kufagia, kuanika. Utani haukumwisha. Nikimwuliza amelalaje, ananiambia amelala kama tajiri, tumbo halina mizigo. Lakini alikuwa anausema bila kuniangalia.

Mwezi wa pili akashikwa na homa. Siku moja nzima sikusikia mlango wake. Nikasukuma, nikamkuta amejikunja, midomo imekauka, kwenye sufuria kuna maji na ukungu wa uji. Sikumwuliza. Nilipika uji wa sukari na maziwa, nikampakata kichwa, nikamlisha kwa kijiko. Alifungua mdomo kama kinda. Siku tatu nilimlisha, asubuhi na jioni, na mawakili nikawatumia salamu kwamba naumwa. Hilo lilikuwa uongo pia, sasa ninavyoandika ndiyo naliona, lakini siku ile halikunigusa hata kidogo. Siku ya tatu alishika kijiko mwenyewe. Akamaliza, akanipa bakuli.

"Hili halikutokea," akasema. "Umesikia, Mama Msala? Halikutokea."

Nikachukua bakuli, nikaenda kuliosha.

Miezi mitatu ikatimia siku ya Jumatano. Tuliondoka mapema, yeye akinishika bega, tukipumzika kila kona. Ofisi ya ustawi ni chumba kirefu chenye benchi ukutani na meza moja mwisho, mafaili yamepangwa sakafuni mpaka dirishani. Tulikuwa watu ishirini hivi. Kila aliyeitwa alisimama kwa awamu mbili, kwanza mikono juu ya magoti, kisha mwili. Yule binti karani hakuwepo. Palikuwa na mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, mtu wa makamo, amechoka, si mkali.

Akalifungua faili la wifi. Akalisoma lote, nikafurahi kwamba anasoma.

"Shahidi ni wewe yuleyule?"

"Ni mimi."

"Mwanzo ulisema anakula kwako."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa anapika chumbani kwake. Vyombo vyake mbali. Jiko lake mbali."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipotuandikia."

Akaandika. Mpaka hapo nilikuwa nasema kweli tupu, na nilikuwa nimeinua kichwa. Wifi alikaa kando yangu, mkono wake juu ya meza, kitambulisho chini ya vidole.

"Katika miezi hii mitatu," akasema, akifuata mstari kwa kalamu, "umempa chakula? Hata siku moja. Fomu mpya inataka hivyo, hata siku moja. Ukiwa umempa, hesabu ya miezi inaanza upya."

Wifi hakunitazama. Nilimwona shingo. Mifupa miwili ya chini ya shingo ilikuwa imetokeza, na katikati yake palikuwa na shimo lililopanda na kushuka. Niliwaza miezi mitatu mingine. Nikajua hataifikisha.

"Hata siku moja," nikasema.

Akaisogeza fomu na wino. Maneno yalikuwa yaleyale, jina la Mungu mwanzo wa mstari. Nililisoma. Nikaweka dole langu na nikalikandamiza vizuri ili lisomeke. Nilingoja kitu kivunjike ndani yangu. Hakikuvunjika kitu. Wino ulikuwa wa baridi, basi.

"Sasa imekaa sawa," akasema yule bwana. Akagonga muhuri. Kisha akavuta daftari jingine, kubwa, akapekua, akavaa miwani. "Ataingia kwenye orodha ya wanaosubiri."

"Kusubiri nini?" nikauliza.

"Nafasi, mama. Walipopanua umri hawakupanua chakula sana. Eneo hili lilipewa nafasi arobaini. Zilijaa wiki ile ya kwanza."

"Na anayesubiri anapata lini?"

Akakuna kidevu. Niliona anatafuta neno la adabu. "Mmoja akitangulia mbele ya haki, tunaingiza mwingine. Kwa sasa mbele yenu wapo sitini na wanane."

Nikahesabu kichwani wazee sitini na wanane wa kufa. Nikaacha.

"Siku ile karani alipokuja kwetu," nikasema, "nafasi ilikuwepo?"

Sikupaswa kuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Akarudisha kurasa nyuma, akashuka na kidole, akasimama kwenye jina la wifi lililopigwa mstari.

"Ilikuwepo. Huyu alikuwa namba kumi na tisa. Lilikuwa limebaki dole la shahidi tu."

Benchini mtu alikohoa. Yule bwana akafunga daftari, akasema pole, na akamwangalia aliyefuata.

Wifi alinigeukia. Kwanza aliangalia dole langu, lilivyokuwa jeusi mpaka kwenye kiungo. Halafu akaniangalia usoni, kwa muda mrefu, bila hasira yoyote, kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi.

"Kumbe unaweza," akasema.

Nikataka kumshika mkono, akauvuta, akachukua kitambulisho chake mezani, akakifunga kwenye pindo la mtandio wake mafundo mawili. Akainuka bila kunishika bega. Akapita mbele ya benchi, polepole, akigusa ukuta kwa vidole, wale wazee wakimrudishia miguu nyuma apite. Mlangoni alisimama kidogo, akavuta pumzi. Nilidhani ataniita. Akatoka.